Apple II: Ugonjwa wa Skrini, Dawa Kwenye Sloti

Neno HABARI limeandikwa vizuri kwenye skrini ya Apple IIe, kompyuta ya zamani ya familia ya Apple II. Programu inajifunga, na pale palipokuwa na HABARI pamebaki AAI. Anayekutana na kituko hiki kwa mara ya kwanza hutikisa kebo ya monita, akimaliza hapo anaishuku kumbukumbu, na mwenye haraka anaanza kutafuta kompyuta nyingine mtandaoni. Monita ni nzima na kumbukumbu ni nzima. Kompyuta ilipanga herufi kwa mtindo wa herufi 80 kwa mstari, kisha sehemu inayochora skrini ikaanza kusoma kwa mtindo wa herufi 40. Nusu ya neno imebaki mahali ambapo hakuna anayesoma.

Wapenzi wa kompyuta za zamani hutenganisha matatizo ya skrini na matatizo ya sloti, yaani matundu ya ndani yanayochomekwa kadi za nyongeza, kana kwamba ni idara mbili. Kwenye Apple II utengano huo haupo, na ukiendelea kuushikilia utapoteza jioni nyingi ukirekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Kila kitu ni anwani

Apple II ya kwanza ilitoka mwaka 1977, ikiwa kazi ya mikono ya Steve Wozniak. Prosesa yake, 6502, inakwenda kwa kasi ya takribani megahezi 1 na inaona anwani 65,536, basi. Haina njia maalumu ya picha wala njia maalumu ya kadi. Skrini ya maandishi ni anwani kuanzia $0400 hadi $07FF. (Alama ya dola ni desturi ya watu wa 6502 kuonesha namba ya heksadesimali, yaani ya msingi wa 16.) Picha za hi-res, zenye nukta 280 kwa 192, zinakaa kuanzia $2000 hadi $3FFF, na ukurasa wake wa pili unaishia $5FFF. Kadi ya sloti 1 ina ROM yake, chipu yenye programu ya kudumu, kwenye $C100, ya sloti 2 kwenye $C200, na kuendelea hivyo hadi $C700. Kwa hiyo ukiandika PR#6, amri ya kuita kadi ya sloti 6, ili diski ianze, tafsiri yake kwa prosesa ni kwamba iende $C600 ikafanye itakachokikuta huko.

Na kama huko hakuna kitu? Sloti tupu haisemi "sipo". Prosesa inasoma mabaki ya umeme yaliyo kwenye nyaya wakati huo na kuyachukulia kuwa ni maagizo. Ndiyo maana PR# ya sloti isiyo na kadi huigandisha mashine au kuirusha kusikojulikana. Hakuna kilichoungua, bonyeza Control na Reset, utarudi kwenye alama ya ], pale BASIC, lugha ya programu ya mashine hii, inaposubiri amri.

Skrini na sloti zimefungamana kwa ndani zaidi ya hapo. Maandishi ya herufi 40 kwa mistari 24 yanahitaji baiti 960, lakini eneo lililotengwa ni baiti 1,024. Baiti 64 zinazobaki hazionekani kwenye skrini, na Apple ikazigawa kwa kadi za upanuzi, 8 kwa kila sloti, ziwe daftari lao dogo. Super Serial Card, kadi ya kuunganisha printa au modemu, kwa mfano, inaweka humo mipangilio yake ya kazi. Sasa chukua programu inayohifadhi skrini nzima ya maandishi kwenye diski, kisha baadaye inairudisha yote kwa BLOAD, amri ya kupakia faili kutoka diski, kuanzia $0400. Maandishi yanarudi sawasawa, lakini daftari la kadi nalo limefutwa na kuandikwa mambo ya zamani. Printa inaanza kukata mistari mahali pasipofaa, na mwenye mashine analaumu kebo ya printa. Ukiona kadi imebadilika tabia mara tu baada ya skrini "kurudishwa", usiichomoe hiyo kadi. Iwashe upya kwa PR# yake, na programu ile iandikwe upya iruke hizo baiti 64.

Swichi ambazo hazishikiki

Namna za kuonesha picha zinachaguliwa kwa anwani nane, $C050 hadi $C057, zikienda mbilimbili. Ya kwanza inaleta picha na ya pili inaleta maandishi. Jozi inayofuata inaamua kama picha ijaze skrini yote au iache mistari minne ya maandishi chini. Kisha kuna ukurasa wa kwanza au wa pili, na mwisho lo-res (picha za nukta kubwa) au hi-res. Thamani unayoandika haijalishi, kwani kuigusa tu anwani kunatosha. Katika BASIC utaziona kama namba hasi, POKE -16304,0 kwa mfano (POKE huandika thamani kwenye anwani), urithi wa Integer BASIC, BASIC ya kwanza ya Apple II, ambayo haikuweza kuandika namba inayozidi 32,767.

Tatizo linalozaliwa hapa ni la kawaida mno. Mtu ameandika HGR2, skrini imekuwa nyeusi yote, kibodi haioneshi chochote. HGR2 inajaza skrini yote kwa ukurasa wa pili wa hi-res, hivyo maandishi unayoandika yanapokelewa ila hayaonekani. Andika TEXT bila kuona, bonyeza Return. Yamekwisha.

Lingine ni la picha iliyojaa michirizi na nukta zisizo na mpangilio. Hiyo ni kumbukumbu ambayo haijafutwa: swichi ya hi-res imewashwa kwa POKE badala ya HGR, na HGR ndiyo inayosafisha eneo lenyewe. Msomaji wa BASIC akiona programu yake ndefu "inaandika" kwenye picha, ajue programu imekua hadi ikaingia $2000 ambako ukurasa wa kwanza wa picha unaanzia. Hakuna mlinzi kati ya vitu hivyo viwili.

Sloti 3, kitovu cha vurugu

Apple IIe ilitoka Januari 1983. Iliondoa sloti 0 na kuongeza tundu jipya la pini 60, sloti saidizi, kwa ajili ya kadi ya herufi 80. Kadi hiyo ikichomekwa, programu yake inaitwa kwa PR#3, kana kwamba imo ndani ya sloti 3. Lakini haimo. Sloti 3 halisi iko palepale na inapokea kadi kama kawaida.

Ni kama kumwita Juma kwenye nyumba yenye Juma wawili. Apple ililimaliza suala hili kwa kuamua nani aitike: mashine inapowashwa, ROM inapima kama kuna kadi kwenye sloti saidizi. Ikiipata, anwani $C300 inapewa ROM ya ndani ya kompyuta, na ROM ya kadi iliyoko sloti 3 inanyamazishwa. Isipoipata, sloti 3 inaachiwa nafasi yake. Unaweza kulazimisha mwenyewe: kuandika kwenye $C00B kunaipa sloti 3 sauti, $C00A kunairudisha kwa ROM ya ndani.

Hii inaeleza malalamiko ya aina moja yanayojirudia miaka nenda miaka rudi: "Kadi yangu inafanya kazi sloti 2, nikiihamishia sloti 3 inakufa." Haikufa, imezibwa mdomo. Zile anwani zake za kazi, $C0B0 hadi $C0BF, bado zinasikika, kwa hiyo kadi isiyotegemea ROM yake yenyewe inaweza kuishi sloti 3 bila shida. Inayotegemea ROM ihamishiwe sloti nyingine. Kwenye IIe za mfumo wa runinga wa PAL wabunifu waliukata mzizi wa fitina kwa chuma: sloti saidizi imewekwa mstari mmoja na sloti 3, huwezi kuzijaza zote mbili kwa pamoja hata ukitaka. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika mashine ile.

Turudi kwenye AAI. Kwenye mtindo wa herufi 80, herufi za nafasi shufwa, kuanzia sifuri, zinawekwa kwenye kumbukumbu ya kadi saidizi. Za nafasi witiri zinabaki kwenye kumbukumbu kuu. Neno HABARI linagawanyika: H, B, R upande mmoja, A, A, I upande mwingine. Programu ikizima swichi ya herufi 80 bila kuhamisha maandishi, skrini inasoma kumbukumbu kuu peke yake. Unaweza kujionea mwenyewe, hata kwenye kompyuta ya kuigiza iliyomo ndani ya laptopu yako. Andika PR#3, kisha:

HOME : PRINT "HABARI" : POKE 49164,0

Tatizo la upande wa pili linaonekana tofauti. Herufi zinaachana, na katikati yake kuna takataka. Hapo skrini imebaki kwenye herufi 80 lakini anayeandika anadhani ni 40. Mara nyingi chanzo ni PR#0, ambayo watu wengi huitumia "kuzima" herufi 80. PR#0 inageuza njia ya maandishi tu. Swichi ya skrini haiigusi. Njia sahihi ni kubonyeza ESC, kuachia, kisha Control na Q kwa pamoja. Ndani ya programu tumia PRINT CHR$(21). Na ukishapotea kabisa, Control na Reset inarudisha skrini kwenye herufi 40.

Mtu anayetumia DOS 3.3 au ProDOS, mifumo ya diski ya Apple II, akumbuke pia kwamba PR#3 ndani ya programu ya BASIC inatakiwa ipitie kwa mfumo wa diski: PRINT CHR$(4);"PR#3". Ukiiandika kavukavu unaukata mfumo wa diski kwenye mazungumzo, na amri zako za CATALOG zitaanza kuchapishwa kwenye skrini kama maneno ya kawaida.

Kuna na picha ndogo za ajabu, tufaha, mishale na vipande vya fremu, zinazotokea pale ambapo programu ya zamani ilikusudia herufi kubwa zilizogeuzwa rangi. Hiyo si hitilafu. Mwaka 1985 Apple ilitoa toleo lililoboreshwa la IIe, lenye prosesa ya 65C02 na ROM mpya, na katika seti ya pili ya herufi nafasi hizo zikapewa MouseText, yaani picha hizo ndogo. Kujua una toleo gani ni rahisi: ikiwaka na kuandika "Apple ][" juu ya skrini ni la zamani, ikiandika "Apple //e" ni lililoboreshwa.

Jampa inayoua mashine

Kadi ya herufi 80 iliyopanuliwa inaongeza kilobaiti 64 na kuifanya IIe iwe na 128. Pia inafungua hi-res maradufu, nukta 560 kwa 192, au rangi 16 kwa upana wa nukta 140. Ila kuna sharti: kadi iwe na jampa, kiunganishi kidogo cha kuchomeka, inayounganisha pini 50 na 55, na ubao mama uwe wa marekebisho B. Ubao wa marekebisho A, wenye namba 820-0064-A, ukiuwekea kadi yenye jampa hiyo mashine haitafanya kazi. Ukiing'oa jampa inafufuka, bila hi-res maradufu. Basi, aliyenunua kadi ya mkono wa pili akaichomeka na kuona mashine imekufa, asome kwanza namba iliyochapwa kwenye ubao kabla ya kumwandikia muuzaji maneno makali.

Rangi, hezi na umeme wa ukutani

Rangi za hi-res ni hila. Kompyuta inatoa nukta nyeusi na nyeupe kwa mwendo ambao runinga ya NTSC ya Marekani inaufasiri kama zambarau, kijani, bluu au chungwa. Runinga ya PAL, aina iliyotumika Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, haina tafsiri hiyo, hivyo mashine iliyotoka Marekani ikifungwa kwenye runinga ya zamani inayojua PAL peke yake, hata picha ikitulia inakuwa nyeusi na nyeupe. Kwenye Apple II Europlus, toleo la Ulaya, rangi ilihitaji kadi, na kadi hiyo ilikaa sloti 7, kwa sababu ni sloti 7 pekee iliyopelekewa mawimbi ya ulinganifu wa picha na ya marejeo ya rangi. Ukiihamishia sloti 5 ili kupata nafasi, rangi zinapotea. Kwa mara nyingine, ugonjwa uko kwenye skrini na sababu iko kwenye sloti.

Runinga bapa za leo zina shida ya namna yake. Apple II haitoi mistari nusunusu kama kituo cha runinga. Inatoa picha kamili ya mistari 262, takribani mara 60 kwa sekunde. Baadhi ya runinga mpya huichanganya na mawimbi ya kawaida, na picha inatetemeka au inakataliwa. Kibadilishi kinachotambua picha ya mistari 240 kinalitatua. Usinunue cha bei rahisi bila kuuliza hilo.

Hapa kuna mkanganyiko unaostahili kunyooshwa taratibu. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240 kwa hezi 50, wa Marekani ni volti 120 kwa hezi 60. Mwenye mashine ya Marekani anahitaji transfoma ya kushusha volti, na asipoitumia atanusa moshi. Lakini hezi za ukutani hazihusiani na hezi za skrini. Mwendo wa picha unatoka kwenye kioo cha kwatzi, kipande kinachopiga mapigo ya saa ya kompyuta, kilicho juu ya ubao, na saplai ya umeme haijali kama imepewa 50 au 60. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam akikuta kwenye menyu ya kompyuta neno Hertz, asichague 50 kwa kuwa TANESCO inatoa 50. Achague kile ambacho monita yake inakipokea.

IIgs na menyu yake

Menyu hiyo ni ya Apple IIgs, iliyotoka Septemba 1986. Inafunguka kwa Control, Command na ESC. Humo kuna Display, ambamo unachagua rangi au nyeusi na nyeupe, herufi 40 au 80, na hezi 50 au 60. Na kuna Slots, ambamo kila sloti inaulizwa: utumie kifaa cha ndani au "Your Card", yaani kadi uliyochomeka mwenyewe?

Swali la Slots ndilo linalowaangusha watu. IIgs ina vifaa vya ndani vinavyojifanya kadi: bandari ya printa ni sloti 1, modemu sloti 2, maandishi ya herufi 80 sloti 3, kipanya sloti 4, diski za inchi 3.5 sloti 5, za inchi 5.25 sloti 6. Ukichomeka kadi sloti 6 bila kubadilisha menyu, kadi iko bubu. Ukibadilisha menyu bila kuchomeka kadi, kiendesha diski cha ndani kinatoweka na utabaki na sloti tupu. Sloti 3 ikiwekwa "Your Card" huku haina kitu, PR#3 itaigandisha mashine, na wengi wataandika mahali kwamba skrini yao imeharibika. Sloti 4 ina ujanja wake: chini ya GS/OS, mfumo endeshi wa IIgs, kipanya kinaendelea kufanya kazi hata ikipewa kadi, ila programu za zamani za biti 8 zinazotafuta ROM ya kipanya hazitakiona. Na AppleTalk, mtandao wa Apple, kwenye toleo la ROM 01 inakalia sloti 7, wakati kwenye ROM 03 inapitia sloti 1 au 2, kwa hiyo ushauri uliotolewa kwa mwenye ROM moja unaweza kumpoteza mwenye nyingine.

Mabadiliko ya Slots hayaanzi mpaka uwashe upya kwa Control, Command na Reset. Wengi hubadilisha, wanatoka kwenye menyu, wanajaribu, wanaona hakuna tofauti, wanarudisha kama ilivyokuwa, kumbe walikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ukikosea hezi na picha ikaanza kuzunguka kiasi cha kutosomeka, huwezi kurudi kwenye menyu kwa macho. Shikilia Option, bonyeza Control na Reset. Itatokea orodha fupi ambamo 1 inafungua menyu, 2 inarudisha mipangilio ya kiwandani kwa hezi 60, 3 inairudisha kwa hezi 50, na 4 inaendelea kuwasha. Hata kama huioni orodha yenyewe, bonyeza 2 au 3 kwa kukisia kulingana na monita yako. Gharama yake ni kwamba Slots nazo zinarudi kiwandani, hivyo kadi zako zinahitaji kutangazwa upya.

Tundu la monita la IIgs lina pini 15, na bahati mbaya linafanana vya kutosha na VGA kumshawishi mtu. Ni kubwa zaidi kidogo, na mawimbi yake ni ya takribani kilohezi 15.7 wakati VGA inataka 31.5. Adapta ya pini peke yake haisaidii. Monita itaandika kwamba mawimbi yako nje ya uwezo wake.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua kava. Kadi isichomekwe wala kuchomolewa umeme ukiwemo. IIe ina taa nyekundu ndogo kwenye ubao ili kukukumbusha. Kebo ya kiendesha Disk II ikikosea kwa safu moja ya pini huunguza chipu ya 74LS125 ndani ya kiendesha, na hilo ndilo ajali ya kawaida kuliko zote. Ikiwa hujui pa kuanzia, toa kadi zote na ufanye jaribio la ndani: kwenye IIe shikilia kitufe cha tufaha jeusi ukibonyeza Control na Reset, kwenye IIgs ongeza Command juu ya Option. Ikisema iko sawa, rudisha kadi mojamoja, ukianza na ya diski.

Kwenye IIgs za ROM 00 na 01 betri inayotunza mipangilio imechomelewa kwenye ubao, na umri wake ulishapita zamani. Ikifa, kila unapozima umeme Slots na Display zinarudi kiwandani, na diski kuu iliyopatikana jana inageuka kuwa ujumbe wa "Check startup device!" asubuhi. Ikate, chomelea kishikio cha betri ili safari ijayo usihitaji chuma cha kuchomelea, weka betri mpya, ndipo upange menyu.